Sifuri ya Nyumba na Sifuri ya Ziwa

Karibu kila mchoro wa nyumba unaopelekwa ofisi ya kaunti kuombewa kibali una alama ndogo penye sakafu ya chini, na kando yake imeandikwa ±0.00. Msanifu ameamua kwamba sakafu hiyo ndiyo sifuri. Kutoka hapo kila kitu kinapata kimo chake: kizingiti cha dirisha +0.90, linta +2.10, kitako cha msingi −1.20. Desturi hii ina faida yake, nayo si ndogo. Fundi hahitaji kujua bahari iko wapi ili aweke linta mahali pake. Anahitaji kujua umbali wake kutoka sakafuni, basi. Lakini mchoro huo haujasema sakafu yenyewe iko wapi. Ukiipandisha nyumba nzima mita mbili au ukaishusha mita mbili, hakuna namba hata moja kwenye karatasi itakayobadilika. Hoja yangu ni kwamba mahali kama Nyalenda, mjini Kisumu, ukimya huo unawagharimu watu mali na afya, na kwamba kila mchoro wa jengo la pale ulipaswa kuifunga sifuri yake kwenye kimo ambacho jirani, kaunti na ziwa wote wanaweza kukirejelea.

Nyalenda imekaa kusini mwa katikati ya mji, kati ya barabara ya Ring Road na ziwa. Ilikuwa vijiji vya pembeni mpaka mipaka ya manispaa ilipopanuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, na leo ni wadi mbili, Nyalenda A na Nyalenda B. Ardhi nyingi bado ni mali ya familia zilizoirithi kutoka kwa mababu, na wakaaji wengi ni wapangaji wao. Kwa hiyo ploti hujengwa moja moja, mwenye nyumba akipata fedha, bila ramani moja ya mtaa iliyotangulia kupanga nani awe juu na maji yapite wapi. Kadiri unavyoshuka kuelekea ufuo wa Dunga ardhi inazidi kulala: udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, kisha mafunjo, kisha maji. Mto Auji unapita humo ukielekea ziwani, na mabwawa ya kusafishia majitaka ya mji yako humo humo. Katika ardhi ya namna hii nusu mita ya kimo inatosha kuamua kama mvua za Aprili zitapita mlangoni au zitaingia ndani.

Tuanze na ziwa, kwa sababu ndilo linaloamua mengine yote. Ziwa Victoria, ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe, limekuwa likisomwa kwa vipimo vilivyosimikwa ukingoni tangu mwishoni mwa karne ya 19, na kipimo kinachotajwa zaidi ni kile cha Jinja, Uganda, panapoanzia mto Naili. Baada ya mvua kubwa zilizoanza mwaka 1961 ziwa lilipanda zaidi ya mita mbili, na Mei 1964 kipimo cha Jinja kilisomeka mita 13.41. Kizazi kizima kikakua kikiamini kwamba hilo halitarudi. Mwaka 2006, kwa ukame na kwa wingi wa maji yaliyopitishwa kwenye mitambo ya umeme ya Jinja, ziwa lilishuka mpaka karibu mita 10.4. Kisha mvua za mwishoni mwa 2019 zikaja, na katika miezi isiyofika minane likapanda zaidi ya mita moja; Mei 2020 kipimo kikasomeka 13.42. Nyumba na vibanda vya ukingoni Dunga vikazama. Mwaka 2024, baada ya masika mazito, ziwa likapanda tena kupita hapo. Kati ya chini kabisa na juu kabisa kuna mita tatu, na safari hiyo yote, kutoka 2006 hadi 2024, ilichukua muda usiofika miaka ishirini. Ardhi ikiwa inashuka mita 1 kwa kila mita 200 za mwendo, mita tatu za kimo ni mita 600 za ufuo unaokwenda na kurudi.

Sasa mchukue mtu anayetaka kujua kiwanja chake kiko juu ya ziwa kwa kiasi gani. Akifungua vitabu au intaneti, atasoma kwamba Kisumu iko mita 1,131 juu ya usawa wa bahari, na atasoma pia kwamba uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 au 1,135. Akiamini namba zote mbili, mji mzima umezama. Tatizo si kwamba kuna aliyedanganya. Ni kwamba kimo ni umbali, na umbali hauna maana mpaka useme umeanzia wapi, ulipimwa vipi, na lini. Kenya imezoea kuhesabu vimo vyake kutoka usawa wa wastani wa bahari Kilindini, Mombasa. Upimaji wa zamani wa Uganda uliungwa na Alexandria, Misri, kupitia Sudan. Ziwa ni lile lile, lakini mtu wa Kisumu na mtu wa Jinja wamelipima kwa bahari mbili tofauti.

Mambo haya yamewahi kuwaaibisha hata wenye vyombo vya kila aina. Mwaka 2003, wakati daraja likijengwa juu ya mto Rhine huko Laufenburg, Ujerumani ilihesabu vimo kutoka Bahari ya Kaskazini na Uswisi kutoka Mediterania. Wahandisi walijua tofauti hiyo ni sentimita 27, wakairekebisha, ila waliirekebisha upande usio wake, na pande mbili za daraja zikaachana kwa sentimita 54. Wale walijua tofauti ipo. Mchoro wenye ±0.00 tupu hautoi hata nafasi ya kukosea, kwa sababu hakuna kitu cha kulinganisha.

Programu za usanifu zenyewe hazina lawama hapa. Archicad, ya kampuni ya Graphisoft ya Budapest, ina sifuri ya mradi isiyohama, na juu yake inakuruhusu kuandika kimo cha mradi kutoka usawa wa bahari na kuongeza viwango rejea vingine, kila kimoja kwa jina unalolitaka. Ukishaviweka, kila sakafu, kila boriti na kila pembe ya ardhi inaweza kusomwa kwa kiwango chochote kati ya hivyo, bila kitu kuhama. Revit ya Autodesk inatenganisha nukta ya msingi wa mradi na nukta ya upimaji kwa kusudi hilo hilo, na alama za vimo unaweza kuziambia zihesabu kutoka kwa moja au kutoka kwa nyingine. Sababu ya kutenganisha ni ya busara. Kompyuta huchora vizuri zaidi karibu na sifuri yake kuliko mbali nayo, na Kisumu, kwa kuwa iko kusini kidogo tu ya ikweta, ina namba za kaskazini zinazokaribia mita milioni 10 katika mfumo wa gridi unaotumika kwenye ramani zetu. Hakuna anayelazimishwa kuchora dirisha kwenye kimo cha mita 1,138.50. Unachora kwenye 0.90 kama ulivyozoea, kisha unaieleza programu sifuri yako imekaa wapi duniani. Kazi ya kuandika ni ya dakika chache. Kazi ya kuipata namba ya kuandika ndiyo nzito, na hapo ndipo wengi huacha.

Wengine hawaachi, bali huchukua njia ya mkato. Programu nyingi siku hizi zinaweza kuvuta sura ya ardhi kutoka intaneti: unaonyesha mahali kwenye picha ya setilaiti, na chini ya nyumba yako panatokea mteremko wenye kontua nzuri. Mtazamaji anaona ardhi, anaamini. Lakini vimo hivyo kwa nchi zetu mara nyingi vina asili yake katika safari ya chombo cha anga Endeavour ya Februari 2000, kilichoipima dunia kwa rada kwa siku 11. Matokeo yake yanatoa kimo kimoja kwa kila mraba wa takriban mita 30 kwa 30, kimo chenyewe kikiwa mita kamili bila desimali, na kosa lililokubaliwa tangu mwanzo likiwa la mita kadhaa. Eneo la mita za mraba 900 huko Nyalenda linabeba ploti zaidi ya moja pamoja na mtaro unaozitenganisha. Na rada haikupima udongo. Ilipima kilichoirudishia mawimbi, yaani mabati ya paa na vichwa vya mafunjo, ambayo hukua mpaka mita nne au tano. Kwa kupanga barabara kuu kutoka Ahero hadi Kericho data hiyo ni msaada mkubwa. Kwa kuamua sakafu ya nyumba karibu na Dunga, ni pambo.

Simu nayo haisaidii, ingawa inatoa namba kwa ujasiri zaidi. Kinachopimwa na setilaiti za GPS ni kimo juu ya umbo laini la kihesabu linaloikadiria dunia, wala si juu ya bahari. Maji ya bahari hufuata mvuto, na mvuto wa dunia si sawa kila mahali. Afrika Mashariki uso wa bahari, kama ungeendelea chini ya nchi kavu, ungekuwa chini ya umbo lile la kihesabu, na katika sehemu nyingi za Kenya tofauti hupita mita kumi. Simu nyingi za Android huipa programu namba hiyo ghafi. Mtu aliyesimama ufuoni Dunga na miguu mikavu anaweza kuonyeshwa kimo kilicho chini ya ziwa lililo mbele yake.

Hapa mjenzi mwenye uzoefu atapinga, na pingamizi lake lina nguvu kuliko yote nitakayoyajibu. Atasema: maji hayajui bahari ya Mombasa wala ya Alexandria. Maji hufuata tofauti ya kimo, kutoka juu kwenda chini. Mimi nikiinua sakafu yangu sentimita 45 juu ya ardhi ya ploti, nimemaliza. Kweli, tofauti ndiyo inayotenda kazi. Lakini tofauti na nini? Sentimita 45 juu ya ardhi ya ploti ni tofauti kati ya nyumba na ardhi ambayo mjenzi huyo huyo ameijaza maramu wiki mbili zilizopita. Hazisemi lolote juu ya ukingo wa mtaro, barabara ambayo kaunti itaipandisha ikija kuweka lami, ua wa jirani, wala ziwa. Huko Nyalenda mtindo wa kuinua ploti kwa kujaza udongo umekuwa jibu la kila mtu peke yake, na kila anayejaza anamgeuza jirani yake wa chini kuwa beseni. Mwenye ploti ya chini naye hujaza akipata fedha, na maji hutafuta wa tatu. Michoro ya nyumba hizo tatu, kila mmoja ukiwa na sifuri yake, haiwezi kuonyesha haya, kwa kuwa kwenye kila karatasi ploti ni tambarare na imekaa vizuri chini ya sakafu yake. Ukiiweka katika modeli moja yenye kiwango rejea kimoja, na sura ya ardhi ikavuka mpaka wa ploti angalau mpaka mtaroni na uani kwa jirani, mafuriko ya mwakani yanaonekana kwenye kioo leo.

Wengi hutazama kwenda juu na kusahau kwamba mchoro una sehemu ya chini pia. Chukua ploti ya mfano ambayo sakafu yake, ikisomwa kwa kipimo cha Jinja, iko kwenye 14.60. Hiyo ni zaidi ya mita moja juu ya ziwa la Mei 2020, na mwenyewe angeridhika. Nyuma ya nyumba kuna choo cha shimo ambacho kitako chake, kwenye mchoro, kiko −3.00. Toa, utapata 11.60. Mwaka 2006, ziwa likiwa karibu 10.4, shimo hilo lingechimbwa kavu, na fundi angeapa kwamba hapo hakuna maji. Mwaka 2020 kitako kilikuwa mita 1.82 chini ya uso wa ziwa. Karibu na ufuo maji ya ardhini hupanda na kushuka pamoja na ziwa, kwa kuchelewa kidogo. Basi kilichomo shimoni sasa kimo ndani ya maji, na maji hayo hayo ndiyo yanayotekwa kwenye visima vifupi vya mtaa. Hesabu yote ni ya kutoa mara mbili. Haikufanyika kwa sababu −3.00 ilikuwa umbali kutoka sakafuni, na sakafu haikuwa na mahali.

Sheria pia inadai kimo, hata pale isipokitaja kwa namba. Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006, chini ya sheria ya mazingira ya Kenya, zilikataza kulima au kujenga ndani ya upana kamili wa mto, usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30 kila upande, ukihesabiwa kwa kufuata kiwango cha juu kabisa cha mafuriko kilichowahi kurekodiwa. Watu hugombana juu ya mita 6 na mita 30, kwa kuwa hizo zinapimika kwa utepe. Lakini utepe unaanzia wapi? Unaanzia pale kiwango cha mafuriko kinapogusa ardhi, na hiyo ni nukta ya kimo kabla ya kuwa nukta ya umbali. Kando ya mto Auji, mwenye ploti na afisa wanaweza kubishana mchana kutwa wote wakiwa waaminifu, kwa sababu mchoro ulio mezani hauna uwezo wa kujibu swali lililoulizwa.

Kuna watakaosema kwamba haya ni ya wasanifu wenye kompyuta, na Nyalenda inajengwa na mafundi. Ni kweli kwamba nyumba nyingi za mtaa huo hazijawahi kuchorwa kwenye programu yoyote. Hata hivyo fundi wa ujenzi ndiye mtu anayekiheshimu kiwango rejea kuliko wote. Kabla ya kumimina slabu huchukua mpira mwembamba unaopitisha nuru, akaujaza maji, akashika ncha moja kwenye alama aliyoipiga ukutani na kumpa msaidizi ncha ya pili. Maji yakitulia, ncha zote mbili ziko kimo kimoja, na kosa ni la milimita chache. Chombo hicho kinakishinda kile cha Endeavour kwa usahihi mara nyingi sana. Kinachokosekana ni mahali pa kuanzia palipo pa wote. Alama moja ya kimo iliyopimwa na mpima ardhi kwa vifaa vya kitaalamu, ikachongwa kwenye zege la daraja dogo, la shule au la kanisa, inaweza kuhamishwa kwa mpira huo kutoka ua hadi ua, sentimita moja ikipotea hapa na kurudi pale, bila kuharibu maana yake. Gharama ya mpima ardhi ni kubwa kwa mwenye vyumba vinne vya mabati. Kwa mtaa mzima ikigawanywa ni ndogo, na mradi wowote wa umma unaochimba mitaro au kulaza mabomba ya majitaka tayari umeilipa, kwa sababu bomba haliteremshi maji bila vimo. Vimo hivyo hufungiwa kwenye mafaili ya mkandarasi kazi ikiisha. Kuvitoa na kuvipaka rangi ukutani hakuhitaji sheria mpya.

Pale ambapo hata alama hiyo haipo, ziwa lenyewe linaweza kutumika. Asubuhi tulivu, kabla upepo wa mchana haujayasukuma maji ya Ghuba ya Winam kuelekea Kisumu, uso wa ziwa pale Dunga ni karibu uso mmoja tambarare na ule unaosomwa kwenye vipimo. Pima kimo cha sakafu yako kutoka kwenye maji ya asubuhi hiyo, andika tarehe, kisha tafuta ziwa lilisomeka ngapi siku hiyo. Setilaiti zimekuwa zikipima uso wa ziwa hili mfululizo tangu 1992 na matokeo hutangazwa. Sakafu yako sasa ina namba katika lugha ya ziwa, na swali la Mombasa na Alexandria halikuhusu tena. Kosa litakuwepo: ghuba imeungana na ziwa kubwa kwa mlango mwembamba wa Rusinga, na sentimita kadhaa zinaweza kupotelea humo. Lakini tunazungumzia ziwa linalocheza mita tatu. Sentimita kumi za mashaka zilizoandikwa waziwazi zinafaa kuliko kimya.

Limebaki swali la mwisho, nalo ni gumu kwa haki: kama ziwa lenyewe halitulii, tuchague kiwango kipi? Wanaouliza hivi mara nyingine wanamaanisha kwamba kutokuchagua ni salama zaidi. Sioni hivyo. Kuchagua kiwango rejea si kutabiri ziwa litafika wapi; ni kukubaliana tutahesabia wapi, ili utabiri ukibadilika michoro isibadilike. Ziwa la Mei 2020 lina sifa moja ambayo namba za vitabuni hazina: watu waliliona likiwa limesimama kwenye kuta, mistari yake ya tope bado iko kwenye baadhi ya nyumba, na mpima ardhi anaweza kwenda kuipima. Kilele cha 2024 kilipita hapo, na kingine kinaweza kukipita hicho. Haidhuru, kwa sababu kilele kipya kitaandikwa kama tofauti na kile cha zamani, na kila nyumba iliyofungwa hapo itajua siku hiyo hiyo imebakiwa na sentimita ngapi. Kwenye Archicad kiwango rejea cha kwanza kipewe jina la ziwa la Mei 2020, cha pili kipewe alama ya mtaa, na pembeni ya kila ±0.00 kuongezwe mstari mmoja: sakafu hii iko sentimita kadhaa juu au chini ya maji yale, ilipimwa tarehe fulani, kutoka alama fulani, kwa chombo fulani. Afisa anayepitisha kibali aukatae mchoro usio na mstari huo kama anavyoukataa usio na saini.